Long Season: Wimbo Mmoja, Dakika 35

Tarehe 25 Oktoba 1996, kampuni ya Polydor nchini Japani iliingiza sokoni albamu yenye wimbo mmoja tu. Albamu iliitwa Long Season, wimbo nao uliitwa Long Season, na ulichukua dakika 35 na sekunde chache. Bendi iliyoupiga ni Fishmans ya Tokyo, ambayo wakati huo ilikuwa imebaki na watu watatu: Shinji Sato, mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi; Yuzuru Kashiwabara kwenye besi; na Kin-ichi Motegi kwenye dramu.

Soko la muziki la Japani miaka hiyo lilikuwa la pili kwa ukubwa duniani, likitanguliwa na Marekani peke yake, na mauzo ya CD yalikuwa yanapanda kuelekea kilele chake cha mwaka 1998. Njia ya kufanikiwa ilijulikana. Wimbo ulitumika kwenye tamthilia ya televisheni au kwenye tangazo la biashara, watu wakashika kiitikio, kisha wakaenda kuuimba kwenye vyumba vya karaoke. Wimbo wa namna hiyo hauna budi kuwa mfupi, na kiitikio chake hakitakiwi kuchelewa. Fishmans walikuwa chini ya kampuni kubwa, ndani ya soko hilohilo, nao wakatoa wimbo ambao mtangazaji wa redio asingeweza kuupiga wote bila kuacha vipindi vingine vikisubiri.

Wengi wanaoizungumzia albamu hii huanza na urefu wake, na wengi huishia hapohapo, kana kwamba dakika 35 ni rekodi ya mbio. Mimi naamini urefu huo ni matokeo tu. Kilichotangulia ni nafasi. Wanamuziki hawa walipata chumba na muda wa kukaa na wimbo mpaka wakaujua ndani na nje, na karibu kila kitu kizuri kinachosikika humo kimetokana na kukaa huko. Nataka kueleza ilikuwaje, kwa sababu somo lake linamhusu kila anayejali muziki.

Fishmans ilizaliwa mwaka 1987 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meiji Gakuin. Sato na Motegi walikuwapo tangu mwanzo pamoja na mpiga gitaa Kensuke Ojima. Kashiwabara akajiunga mwaka uliofuata, na baadaye akaja mpiga kinanda aliyejulikana kwa jina la Hakase. Walichokipenda kilikuwa rege, hasa ile ya taratibu iliyotangulia umaarufu wa Bob Marley, iitwayo rocksteady. Rege haikuwa ngeni Tokyo. Marley mwenyewe alifanya maonyesho Japani Aprili 1979, na katika miaka ya 1980 mji huo ulikuwa tayari na bendi yake ya dub, Mute Beat, iliyoongozwa na mpiga tarumbeta Kazufumi Kodama. Ni Kodama huyo aliyesimamia utayarishaji wa albamu ya kwanza ya Fishmans, Chappie, Don't Cry, iliyotoka mwaka 1991.

Hapo kwenye dub inafaa tutulie kidogo, maana bila kuielewa, Long Season itaonekana imedondoka kutoka mbinguni. Dub ilianzia Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fundi wa umeme, Osbourne Ruddock, ambaye dunia inamjua kama King Tubby, alichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa akaanza kuzifungua. Aliondoa sauti ya mwimbaji, akabakisha besi na dramu, kisha akarudisha kipande cha neno au mpigo mmoja wa gitaa na kuuacha uzame kwenye mwangwi. Wimbo uleule ukawa kitu kingine. Mikononi mwa watu kama Tubby, meza ya kuchanganyia sauti ikawa ala ya muziki, na fundi mitambo akawa mwanamuziki. Dub ilifundisha jambo ambalo Sato na wenzake hawakulisahau: wimbo una nafasi ndani yake, na nafasi hiyo inaweza kupigwa kama inavyopigwa ngoma.

Ndiyo maana jina la ZAK halikosekani katika simulizi yoyote ya Fishmans. ZAK alikuwa fundi mitambo wao, studio na jukwaani, na kazi zao za miaka ya katikati ya 1990 haziwezi kutenganishwa na mikono yake. Yeye ndiye anayeamua kwamba mpigo huu wa dramu ukauke hapohapo, na ule mwingine uondoke polepole kama mtu anayeshuka kilima.

Miaka iliyotangulia Long Season haikuwa rahisi. Ojima aliondoka mwaka 1994, Hakase akaondoka mwaka 1995. Bendi iliyopungua hivyo mara nyingi huvunjika, au huajiri watu wa kujaza mapengo na kuendelea na kazi ya zamani. Watatu waliobaki walifanya vingine. Walihamia Polydor, na sehemu ya makubaliano yao ikawa kupata studio yao wenyewe katika wilaya ya Setagaya, sehemu ya makazi upande wa magharibi wa Tokyo. Studio hiyo waliiita Waikiki Beach. Humo zilitoka albamu tatu: Kuchu Camp mwezi Februari 1996, Long Season Oktoba mwaka huohuo, na Uchu Nippon Setagaya Julai 1997. Ya mwisho imebeba jina la wilaya yenyewe.

Albamu tatu katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu si kasi ya wavivu. Kwa hiyo ninaposema walipewa muda, sisemi kwamba walikaa miaka wakitafakari. Nasema kwamba saa ya ukutani haikuwa na bei. Anayeijua studio ya kukodi anajua ninachosema. Pale kila saa ina gharama yake. Mpiga besi akisema, "Ngoja nijaribu tena kwa namna nyingine," kuna mtu anapiga hesabu kichwani. Mawazo ya ajabu huachwa, kwa kuwa jambo la ajabu huchukua muda kabla halijaonyesha kama lina maana. Ndani ya chumba chako unaweza kupiga mstari uleule kwa saa nzima, ukalala, ukaamka na kuusikiliza upya. Mstari unaozunguka kama ule wa Long Season hauandikwi kwa haraka kwenye karatasi. Unapatikana kwa kuzunguka nao.

Wimbo wenyewe ulianza ukiwa mfupi. Mwaka huohuo wa 1996 bendi ilitoa singo iitwayo Season, wimbo wa kawaida kwa kipimo, wenye beti na kiitikio. Mashairi yake yanasimulia watu wawili wakipita mitaa ya Tokyo jua linapokuchwa, wakiwa kati ya macho na usingizi. Singo ilikwisha kutoka, kazi ingeweza kuhesabika imekamilika. Wao wakaurudia wimbo na kuufungua, kama Tubby alivyofungua nyimbo za wengine, ila kwa kuelekea upande wa pili. Kawaida ya kampuni za muziki ni kuchukua wimbo mrefu na kuukata upate kuingia redioni. Hapa wimbo mfupi ulipewa ardhi mpaka ukawa nchi.

Sasa tuusikilize kwa karibu. Mwanzoni sauti za vinanda zinatanda kama ukungu wa asubuhi, hazina haraka ya kuonyesha njia. Kisha besi ya Kashiwabara inaingia na noti chache, inazizungusha, na inapofika mwisho inaanza upya bila kukohoa. Kinanda kinashika mfululizo wake mfupi, nacho kinazunguka. Dramu za Motegi zinakaa chini ya vyote hivyo, nyepesi lakini hazitetereki. Sauti ya Sato inakuja ikiwa juu, nyembamba, karibu ya mtoto, na haijilazimishi. Anaimba kama mtu anayezungumza na aliyeketi kando yake ndani ya gari, asitake kumwamsha aliyelala kiti cha nyuma.

Pembeni yao yuko Honzi, mwanamke aliyekuwa mwanamuziki msaidizi wa bendi, anayepiga vinanda, fidla na kodiani. Msomaji aliyekulia kwenye taarab atazitambua fidla na kodiani mara moja, ingawa kazi zinazofanya hapa ni tofauti. Katika taarab fidla huweza kumjibu mwimbaji, kupamba shairi na kuonyesha ufundi wa mpigaji. Kwa Honzi fidla inapita juu ya muziki kama wingu, unaihisi zaidi kuliko unavyoifuata. Ikitulia ndipo unagundua ilikuwa inabeba kiasi gani.

Kwa muda mrefu hali inakuwa hivyo. Mtu asiye na subira atasema hakuna kinachotokea. Kinachotokea kinatokea ndani ya sikio la msikilizaji. Ukisikia mstari wa besi mara ya kwanza, unauliza unakwenda wapi. Mara ya tano umekwisha kuujua. Kufikia mara ya ishirini, sikio limeacha kusubiri jipya na limeanza kuchunguza lililopo: jinsi noti moja inavyochelewa kidogo, jinsi mwangwi wa dramu unavyoanguka upande wa kushoto, jinsi kinanda kinavyogusana na besi mahali ambapo hukuwa umepatazama. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kurudia huku kunafanya kazi hiyohiyo kwenye akili ya msikilizaji. Kunaipunguzia haraka yake chembe kwa chembe, mpaka haraka yenyewe inakwisha.

Karibu na katikati wimbo unafanya jambo la ujasiri zaidi kuliko urefu wake. Unaachia vyote. Besi inaondoka, kinanda kinaondoka, hata mwendo unaondoka. Zinabaki sauti za matone ya maji. Tone linaanguka, unasikia ukubwa wa mahali lilipoangukia. Linafuata jingine. Kisha zinaanza ngoma za Motegi na za Asa-Chang, mpiga ngoma aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tokyo Ska Paradise Orchestra. Ngoma hizo hazichezeshi. Zinakuja na kuondoka, zinajibizana kutoka mbali, kama kazi inayofanyika katika nyumba ya pili usiku. Kwa dakika kadhaa hakuna wimbo wa kuimba wala kiitikio cha kusubiri.

Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi wanaoijaribu albamu kwa mara ya kwanza, na ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zote. Muziki ulikuwa umetuzoesha mzunguko mpaka tukauamini kama tunavyoamini sakafu. Kisha sakafu inatolewa. Bila zile dakika nyingi za mwanzo, kutoweka kwa besi kusingekuwa na uzito wowote. Ungekuwa ukimya wa kawaida. Na bila ukimya huo, kurudi kwake baadaye kusingegusa moyo. Maana gitaa linarudi, linapigwa kwa mkono mwepesi. Sauti isiyo na maneno inarudi. Mzunguko wa zamani unakusanyika kidogo kidogo, safari hii ukiwa mpana zaidi, sauti nyingi zikiitikia pamoja, na Sato anaimba tena yale aliyoimba mwanzo. Maneno ni yaleyale. Msikilizaji ndiye aliyebadilika.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi iliyowezesha jambo hili, nayo ni CD yenyewe. Upande mmoja wa santuri kubwa hubeba kwa ubora wa kuridhisha dakika ishirini na kitu. Wimbo wa dakika 35 kwenye santuri ungelazimika kukatwa, msikilizaji ainuke, ageuze, arudishe sindano. Mwaka 1973 Mike Oldfield wa Uingereza alitunga Tubular Bells akiwa na kizuizi hicho, na kazi yake ikagawanyika sehemu mbili kwa pande mbili. CD, iliyobuniwa na Sony pamoja na Philips na kuanza kuuzwa Japani Oktoba 1982, ilibeba zaidi ya saa nzima bila kukatika. Makampuni mengi yalitumia nafasi hiyo kuongeza nyimbo za kujazia. Fishmans waliitumia kwa kutokatika. Walitengeneza kazi inayolingana na chombo chake, na hilo ni jambo la ufundi mkubwa.

Hawakuwa peke yao. Mwaka huohuo wa 1996, humohumo Tokyo, bendi ya Boris ilitoa Absolutego, albamu nyingine ya wimbo mmoja, uliopita hata saa moja. Kuziweka pamoja kunafundisha. Boris walitumia urefu kwa uzito: magitaa yaliyoshushwa sauti, yanayonguruma na kusimama mahali pamoja kama lori lililowashwa kwenye gereji iliyofungwa. Fishmans walitumia urefu kwa wepesi. Wote wawili walikataa kipimo cha soko, lakini mmoja alimzingira msikilizaji na mwingine akamwachia mlango wazi. Nawaheshimu Boris. Ninaowarudia ni Fishmans.

Hoja ya wanaoipinga Long Season nimeisikia na naipa haki yake. Wanasema urembo huu ni wa usingizi, muziki wa kuweka chinichini mtu akifanya kazi nyingine. Ni kweli kwamba unaweza kutumiwa hivyo. Lakini kitu laini hakiwi dhaifu kwa kuwa kimetumiwa ovyo. Jaribu kuusikiliza ukiwa umeketi, kwa sauti ya kutosha, usiguse kitu. Utakuta kwamba besi ile inayoonekana kubembeleza ina nidhamu ya askari wa zamu. Motegi anabeba mwendo mmoja muda mrefu bila kuuacha uchoke wala kuuacha ukimbie, na mpiga dramu yeyote atakwambia kwamba kupiga kwa nguvu ni rahisi kuliko hivyo. Wepesi wa Long Season umefanyiwa kazi ngumu.

Tarehe 28 Desemba 1998, Fishmans walipanda jukwaa la ukumbi wa Akasaka Blitz, Tokyo. Kashiwabara alikuwa amekwisha kueleza kwamba anaondoka kwenye bendi, na onyesho likaitwa Otokotachi no Wakare, yaani kuagana kwa wanaume. Honzi alikuwapo, na gitaa la pili lilishikwa na Michio Sekiguchi. Wimbo waliofungia usiku huo ulikuwa Long Season, na safari hii ulipita dakika 40. Ulikuwa umeendelea kukua tangu ulipotoka studio. Kwenye rekodi ya usiku huo wapigaji wanasikika wakiukazia zaidi, wakiharakisha pale ambapo studio ilitulia, na Sato akiimba kwa moyo wote.

Waliagana kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Tarehe 15 Machi 1999, miezi isiyofika mitatu baadaye, Shinji Sato alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 33. Rekodi ya onyesho lile ikatoka mwaka huohuo. Honzi naye alifariki mwaka 2007. Kwa hiyo leo mtu anayeisikiliza Long Season anasikia mikono na koo za watu ambao baadhi yao hawapo. Ni rahisi kuufanya wimbo wote uwe wa maombolezo kwa sababu hiyo, nami naomba tusifanye hivyo. Ulipigwa na watu wakiwa katika chumba chao, wakiufurahia mji wao wakati wa jioni. Huzuni tuliyoiongeza sisi ni yetu.

Wakati wa uhai wa Sato bendi haikuwa miongoni mwa zilizouza sana. Jina lao lilikua baadaye, kwanza Japani, kisha nje, wasikilizaji wa nchi mbalimbali walipoanza kupeana albamu hizi kupitia intaneti bila kujua Kijapani. Mwaka 2021 ilitoka filamu ndefu ya kumbukumbu kuhusu bendi. Motegi, ambaye alikwenda kupiga dramu katika Tokyo Ska Paradise Orchestra, ameendelea kuwakusanya wenzake jukwaani chini ya jina la Fishmans, waimbaji wengine wakishika nafasi ya Sato. Wimbo ambao haukulingana na ratiba ya redio mwaka 1996 umedumu kuliko nyingi zilizotungwa kwa ajili ya ratiba hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Long Season ni kazi kubwa, na ukubwa wake una masharti yanayotajika: watu watatu waliokuwa wamepiga pamoja muda mrefu, wageni wachache waliojua lini wasipige, fundi mitambo aliyehesabiwa kama mwanamuziki, na chumba kisicholipiwa kwa saa. Kipaji kilihitajika, lakini vipaji viko kila mahali. Vyumba vya namna hiyo ni vichache. Wenye studio na wenye fedha za kudhamini muziki, popote walipo, wakitaka kujua wafanye nini, mfano uko hapa: wawape watu mlango wenye ufunguo, na wasiulize kila usiku wamemaliza nyimbo ngapi.

Na wewe msomaji, kama hujawahi kuisikia, itafute. Isikilize jua linapokuchwa, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka zile dakika za matone ya maji. Ikikuchosha, hujapoteza zaidi ya dakika 35. Isipokuchosha, utakuwa na wimbo wa kurudia maisha yako yote.